Pawabenki Juu ya Bati

Ilikuwa imevimba. Ilikuwa imelala juu ya bati la jiko, katikati ya vipande vya muhogo alivyoanika dada yangu, tumbo limejaa kama andazi lililozidishwa hamira. Jana yake niliinunua ikiwa bapa, ya kuingia mfuko wa shati. Sasa ganda lilikuwa limeachana ubavuni, na ndani kitu cheupe cha kumetameta kimetuna, kinatafuta njia ya kutokea.

"Mashavu!" niliita kutoka juu ya ngazi. "Nani kaweka hii huku?"

Akatoka jikoni, mikono imejaa maji ya mchele. "Mimi, kaka. Asubuhi niliikuta na kitaa kimoja tu kinawaka. Nikasema niianike ipate nguvu."

Nilikigusa kile kidude kwa ncha ya kidole, nikakirudisha kidole haraka. Bati na pawabenki vilikuwa moto sawasawa. Sikumgombeza. Kwetu Handeni hakuna mtu wa rika letu aliyekua bila kuanika betri za redio. Zikianza kukoroma unazichomoa, unazipanga juani kama unavyopanga dagaa, na jioni redio inaimba mpaka taarifa ya habari inakwisha. Marehemu mama yetu alikuwa akizigeuza upande wa pili saa sita mchana, ziive vizuri. Sasa nani angemwambia Mashavu kwamba hii ni betri ya ukoo mwingine, na kwamba jua ndilo sumu yake? Mimi jana yake nilikuwa nimesimulia mengi kuhusu safari yangu. Hilo halikuwamo.

"Imepata?" aliuliza.

"Imepata. Imepata mimba."

Alicheka. Kisha akauona uso wangu, akaacha kucheka, akashika ngazi kwa mikono yake yenye maji ya mchele.

Ilikuwa Ijumaa ya masika ya mwaka juzi, kijijini kwetu Kwemsasa. Ndani ya nyumba binti yake Mashavu, Hafsa, alikuwa ameketi kitandani na hina yake imekolea, anangoja simu kutoka baharini.

Baba yake Hafsa, shemeji yangu Hussein, ni mpishi wa meli za mizigo. Simu yake hushika pale tu meli inapotia nanga, akapata mtandao wa bandarini. Meli ikitoka, amekwenda, amebaki yeye na samaki. Alikuwa ametutumia sauti kwamba Ijumaa wataingia bandari moja ya Waarabu, na kwamba atapiga saa yoyote baada ya sala. Tulimsihi atamke mapema, ampe sheikh uwakala wa kuozesha, mambo yaishe. Akakataa. Anataka kwanza auone uso wa kijana anayemchukua mwanawe. Anataka amsikie Hafsa mwenyewe akisema ameridhia. Ndipo atazungumza na sheikh. Hussein ni mtu wa namna hiyo. Hata chumvi haamini mpaka aionje.

Na asipopatikana? Hapo ndipo palipokuwa na shimo. Kaka yake, Muhidini, baba mkubwa wa Hafsa, hakumtaka bwana harusi. Kijana mwenyewe, Faraji, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Magoma. Babu yake alishushwa Ngombezi na lori la manamba kutoka Kigoma, akakata mkonge, akazikwa hukohuko. Mimi nilimfahamu yule babu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mkonge cha hapohapo, na nani hakumfahamu. Lakini Muhidini alikuwa na wimbo wake mmoja. "Mtu asiye na kwao," alikuwa akisema. "Siku mkigombana, unampeleka mashitaka kwa nani? Kwa mkonge?" Yeye alikuwa na mtu wake, mchuuzi wa ng'ombe wa Mkata, mwenye lori na wake wawili. Kauli ya kuozesha ikimfikia Muhidini, Faraji angerudi Magoma peke yake, na Hafsa angeanza kusikia habari za Mkata.

Sheikh Mbaruku, ambaye hapendi kelele, alikuwa ameshaamua mbele ya pande zote mbili. Hussein asipopatikana mpaka magharibi, kauli inahamia kwa kaka yake.

Kwa hiyo ndoa ya Hafsa ilikuwa imesimama juu ya chaji. Nguzo ya umeme ilikuwa imeangushwa na mvua, kijiji kizima giza. Vile vipaneli vya jua vya majumbani vilikuwa vimechoka na mawingu, jua la asubuhi moja halikutosha kuviamsha. Simu ndogo za batani zilikuwapo tele na zilikuwa hai, maana zile hazifi, lakini Hussein hupiga kwa mtandao, na kwa mtandao tulikuwa na vitu viwili tu: simu ya Hafsa, na kishikwambi cha Faraji, kile wanachofanyia kazi walimu. Muhidini naye alikuwa na simu kubwa ya kioo. Alisema imezima. Sikuomba kuiona.

Ndiyo maana Alhamisi alfajiri nilitumwa Korogwe. Nilitumwa kwa sababu mimi ni mjomba, na kwa sababu kwa miaka yote nimewaambia watu wa Kwemsasa kwamba pale kiwandani nilikuwa mtu wa umeme. Kazi yangu ilikuwa kupaka grisi mashine ya korona, ile inayosaga majani ya mkonge ibaki singa, zile nyuzi zake. Lakini grisi na umeme vilikuwa jengo moja.

Karibu na soko la Manundu kuna kibanda cha kijana mmoja, Yordani, kimejaa chaja mpaka darini, zinaning'inia kama popo. Nikaweka simu ya Hafsa na kishikwambi mezani, vyote vimezima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka pawabenki. Itakayolisha vyote viwili hivi. Ya kweli."

"Zote za kweli, mzee wangu," alisema, akanipangia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kubwa kama tofali, mgongoni ina kioo cha sola, kichwani ina tochi, na mbele imeandikwa namba yenye masifuri mengi mpaka yanakosa nafasi. Ya pili ilikuwa ya rangi ya waridi, imechorwa paka. Ya tatu ilikuwa bapa, nyeusi, kimya, na namba yake ndogo ukilinganisha na lile tofali.

Macho yangu yalikwenda kwenye tofali. Nisiseme uongo mahali pasipohitajika. Mtu aliyezoea marobota ya singa huamini uzito. Nikalipima mkononi, likanivuta bega. Nikafikiri, hii ndiyo. Kisha, sijui kwa nini, nikalitikisa karibu na sikio. Ndani pakalia shaa, kama kibuyu cha mbegu.

"Humu ndani kuna nini?"

"Nguvu, mzee."

"Nguvu haina kokoto."

Watu wawili watatu waliokuwa wakipita wakasimama. Mama mmoja aliyebeba beseni la matembele akalitua chini kabisa, dalili kwamba hakuwa na haraka tena.

"Mzee ni fundi?" Yordani aliuliza, sauti imepungua sukari.

"Fundi? Mwanangu, mwaka ule jenereta ya Ngombezi ilipokufa, meneja analia machozi, mkonge unaoza, nani aliyewasha korona? Nilizunguka kambi nzima, nyumba kwa nyumba, nikakusanya betri za redio za wakata mkonge wote, nikazipanga mstari mmoja kutoka kiwandani mpaka stesheni ya reli, nikaunga waya. Korona ilisaga mpaka asubuhi. Shida ilikuwa moja tu, kila ikizunguka ilikuwa ikiimba taarabu."

"Huyu mzee muongo!" yule mama wa matembele alisema kwa furaha.

"Waulize waliokuwepo, mama."

"Wako wapi?"

"Wamekufa wote, Mungu awarehemu."

Walicheka, na Yordani akacheka nao, na mtu akishacheka nawe hawezi kukukatalia kujaribu bidhaa yake. Nikamwambia achomeke kishikwambi kwenye tofali. Akachomeka. Kikawaka, kikafikiri, kikazima. Akageuza waya. Kikawaka, kikafikiri, kikazima. Simu ilikubali, ilikuwa ikinyonya kidogokidogo, lakini kishikwambi kilikuwa kama mtu mzima aliyepewa uji wa mtoto. Ile ya paka ikapata joto mkononi kabla haijafanya lolote. Nikairudisha mwenyewe.

Ikabaki nyeusi. Nikaigeuza nyuma, nikavaa miwani. Shule sikwenda. Nilijifunza kusoma kwa kufuta grisi kwenye vibao vya mashine, na kitu kimoja nilichokiona huko ni kwamba namba kubwa huandikwa mbele kwa ajili ya mnunuzi, na ndogo huandikwa nyuma kwa ajili ya kazi. Mimi nimezoea kusoma nyuma. Mgongoni mwa tofali hapakuwa na kitu, palikuwa na sola tu. Mgongoni mwa nyeusi paliandikwa, kwa herufi za kuumiza macho, nguvu inayoingia ni kiasi gani na inayotoka ni kiasi gani.

"Chomeka hii."

Kishikwambi kikanyamaza. Mama wa matembele akainama. Mimi nilikuwa nikitazama kioo kile cheusi na ndani yake naliona paji langu la uso, na nyuma ya paji ninamwona Hafsa, na Muhidini anatabasamu. Nikahesabu pumzi. Kisha picha ya betri ikajitokeza, na chini kabisa mstari mwembamba mwekundu, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, ukabaki.

"Chukua yenye sola, mzee," Yordani alijaribu mara ya mwisho. "Ikiisha unaianika tu."

"Jua la Handeni tunalo la kutosha," nilisema. "Sina haja ya kulibeba mfukoni."

Nikamwambia aichomeke ukutani mpaka taa zote zijae, nikakaa kwenye stuli yake nikamlipia umeme wake kwa hadithi. Jioni nilishuka Kwemsasa nimeshika kifua kama mtu mwenye barua ya serikali.

Nilichosahau ni kwamba nyumba ya harusi ina wageni, na kila mgeni amekuja na simu inayokufa. Niligeuka kuswali tu. Niliporudi, pawabenki yangu ilikuwa chini ya meza imenyonyesha simu za shangazi wote, kama mbuzi aliyezaa mapacha. Kishikwambi kilikuwa kimepata chaji kabla yao, lakini watoto walikitazamia katuni mpaka kikalala na wao wakalala. Simu ya Hafsa nilifanikiwa kuipatia nusu. Nikaificha pawabenki kabatini, na kitaa chake kimoja, nikalala nikijua hicho kimoja kinatosha kutuongezea muda kidogo mchana. Mashavu aliamka kabla yangu, akaiona, akaionea huruma.

Niliishusha kutoka batini kwa mwiko wa ugali na mfuniko wa sufuria, hatua kwa hatua, Mashavu ameshika ngazi anasoma kila dua anayoijua. Nikaifukia kwenye mchanga mbali na nyumba. Watu wakaniuliza ninazika nini. Nikasema paka.

Faraji alikuja baada ya sala ya Ijumaa, kwa miguu, kanzu ameikunja kiunoni na suruali imelowa mpaka mapajani. Korongo lilikuwa limejaa. Pikipiki zote mbili za kijiji zilikuwa zimekwama ng'ambo na wenyewe. Alinisalimia shikamoo mjomba, akatazama usoni mwangu, akauliza, "Imebaki kiasi gani?"

"Robo ya simu," nilisema.

"Itatosha?"

"Akipiga sasa hivi, itatosha na kubaki."

Hakupiga sasa hivi. Tukaketi sebuleni, wanaume mkekani, Sheikh Mbaruku kwenye kiti, Muhidini karibu na mlango mahali penye upepo. Hafsa na wanawake walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Simu ilikuwa dirishani, mahali pekee panapokamata mtandao, imeegemezwa kwenye kopo. Kila mtu alikuwa akijifanya haitazami.

Mvua ikaja. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Bati lilipiga kelele mpaka tukawa tunasemeshana kwa mikono. Simu ikalia kidogo, tukaruka wote, sheikh akaangusha tasbihi. Ulikuwa ni ujumbe wa kutupongeza, eti tumebakiza hatua moja kushinda pikipiki.

"Pikipiki!" Muhidini alisema kwa nguvu, kuishinda mvua. "Chukueni basi, mwalimu apate ya kurudia kwao. Wapi vile? Kwa mkonge?"

Faraji alikuwa ameweka mikono magotini, ananyoosha vidole, anavikunja.

"Mdoe," Muhidini akanigeukia, "wewe ulikwenda Korogwe kununua umeme. Uko wapi?"

"Umechuja, baba Muhidini. Uliona nyumba ina watu wenye maneno mengi, ukakimbia."

Wachache walicheka. Mimi sikucheka. Kile kimstari kwenye simu kilikuwa kimegeuka kuwa chekundu. Simu inayotafuta mtandao kwenye mvua hujila yenyewe. Faraji alitaka tuizime, tuiwashe baadaye. Nikamwuliza, na akipiga wakati imezima? Akakaa. Alasiri ikaswaliwa, zamu kwa zamu, mmoja akiangalia dirisha. Nyuma ya pazia sauti za wanawake zilikuwa zimekatika. Nilimjua Hafsa tangu anabebwa mgongoni. Huyu ni mtoto ambaye akiogopa ananyamaza, na sikupata kusikia nyumba yoyote ikinyamaza namna ile.

Ikalia. Mlio mrefu, wenyewe.

Faraji ndiye aliyeifikia. Uso wa Hussein ukatokea, umekatika vipandevipande, jicho huku, ndevu kule. Midomo ikacheza, hatukusikia kitu, bati lote lilikuwa linaunguruma. Faraji akasogeza uso kwenye kioo, akasimama hapo kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, jasho linamtoka. Hussein akamtazama. Akatazama. Halafu Faraji akakimbilia pazia, mkono wa Hafsa ukatoka na hina yake, ukaichukua simu. Tukasikia, maana alipiga kelele kwa nguvu zote za kifua, "Baba, nimeridhia! Mimi mwenyewe!"

"Zimeni picha!" nilipiga kelele. "Inakula!"

Simu ikatoka tena, ikatua mkononi mwangu, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. Picha ilikuwa imezimwa. Nikaibana sikioni, nikaziba sikio la pili.

"Mdoe?" Sauti ya Hussein ilikuwa karibu, kama yuko ghalani. "Mdoe, mpe sheikh."

Nikageuka kumpa. Pale nilipokuwa nageuka nikahisi ule mtetemo mdogo wa simu inapojifunga, na ukimya ndani ya sikio langu ukawa mkubwa kuliko mvua.

Nilibaki nimeishika sikioni. Sijui kwa nini. Labda ili ionekane bado tunazungumza.

"Amesemaje?" Sheikh Mbaruku aliuliza.

Muhidini alikuwa ameshasimama. "Imezima hiyo. Naiona imezima."

"Nimemuuliza Mdoe."

"Sheikh, utamuuliza huyu? Huyu aliyesaga mkonge kwa betri za redio? Atakuletea hapa maneno ya Hussein na salamu za nahodha!"

Watu wote walinitazama. Nami, nisikufiche, maneno nilikuwa nayo. Yalikuja yenyewe, yamevaa sauti ya Hussein, na kile kikohozi chake kidogo anachokitanguliza: *Sheikh, nimekupa uwakala, umuozeshe binti yangu Hafsa.* Ni sentensi fupi. Hussein alikuwa anaelekea kuisema. Alikuwa ameuona uso aliotaka kuuona, ameisikia sauti aliyotaka kuisikia. Akipatikana kesho angesema ndiyo, nilijiambia hivyo. Hakuna mtu angedhurika. Nje jua lilikuwa linaelekea kuzama nyuma ya mvua, na pazia lilikuwa limefunguka upenyo, na ndani ya upenyo lilikuwapo jicho moja la Hafsa.

Nimedanganya maisha yangu yote. Nimedanganya kwenye misiba na kwenye foleni za maji. Lakini kila niliyemdanganya alikuwa anajua anachopokea. Alinyoosha mkono akijua ni hadithi, akacheka, akaenda nayo kwao. Hafsa hangejua. Angeingia na uongo wangu nyumbani kwake, angelala nao, angezaa juu yake, na siku moja mtu kama Muhidini angemuuliza, ile ilikuwa ndoa, au ilikuwa Mdoe?

"Mdoe," sheikh alisema polepole, "sikuulizi hadithi. Nakuuliza kama shahidi."

"Amesema, mpe sheikh."

"Halafu?"

"Ikazima."

"Hakusema neno la uwakala?"

"Hakulisema."

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi. Faraji akainamisha kichwa. Muhidini akafungua mikono yake miwili, kama mtu aliyewekewa mzigo asiouomba. "Basi. Ameshasema mwenyewe, na ni mtu wenu. Uwakala hakuna, magharibi hiyo inaingia. Kauli ni yangu."

Sheikh Mbaruku aliinama akaiokota tasbihi yake pale ilipoangukia tangu mchana. Akaikung'uta vumbi.

"Tulikubaliana asipopatikana," alisema. "Amepatikana. Mmemwona, mwanawe amesema naye. Mtu aliyeomba apewe mimi, ana neno na mimi. Siwezi kulichukua neno lake nikampa mwingine kwa sababu betri imekwisha. Tutangoja."

"Kwa ushahidi wa Mdoe?" Muhidini alikuwa karibu kucheka. "Sheikh, unamwamini Mdoe?"

"Angetaka kunidanganya, angenidanganya la kumfaa. Hili alilolisema limemfaa nani hapa ndani?"

Mashavu akaleta pilau, maana pilau haijui kungoja, na tukala tukiwa hatujui tunakula ya nini. Muhidini alikula vizuri. Hafsa hakula.

Tulichokuwa tunakiogopa baada ya hapo hatukukisema: kwamba meli za mizigo huwa hazilali bandarini.

Asubuhi mvua ilikuwa imeondoka na kuacha anga limeoshwa. Faraji alivuka korongo kabla chai haijaiva, maji yameshuka magotini, na akarudi akisukuma pikipiki ya watu kwenye matope, ile kanzu ya harusi imekuwa rangi ya udongo. Akaiwasha uani. Kulikuwa na waya wa chaji kwenye usukani, umefungwa kwa mpira. Tukachomeka simu ya Hafsa. Kila pikipiki iliposinzia, simu nayo ilisinzia, kwa hiyo ilibidi mtu ashike mafuta pale usukani, ayavute kidogokidogo, injini isishuke.

Simu ikawaka. Hafsa akapiga mwenyewe, uso wazi, pazia lilikuwa limeshasahauliwa. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita. Nilimwona Mashavu amekamata nguzo ya baraza kama alivyokamata ngazi. Ikakata. Muhidini alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, na nikiri kwamba hakusema kitu. Mara ya tatu Hafsa alibonyeza kama mtu anayegusa kidonda.

"Haloo? Haloo, mama?" Na nyuma ya sauti ya Hussein, mafuta yanakaanga. "Subirini nitoe hivi vitunguu!"

Sheikh alipokea uwakala wake pale uani, kwa sauti, kila mtu anasikia, hata kuku. Kisha akamwambia Faraji alete mkono. Mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta ya pikipiki, na wa kulia ndio unaopokea ndoa. Faraji akajipinda, akapitisha wa kushoto kwenye mafuta, wa kulia akampa sheikh, akaozeshwa hivyo, amekunjamana kama jani la mkonge linaloingia kwenye mashine. Alisema nimekubali, injini ikalimeza. Sheikh akamrudisha, aseme tena. Akalisema likafika barabarani. Mashahidi tulikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Muhidini. Sheikh alimwita kwa jina lake, naye akaja.

Vigelegele vilipopungua Hussein akaomba aongee na mimi. Nikaisogelea simu kiasi ambacho waya uliruhusu. Alikuwa amevaa kofia nyeupe ya upishi, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Jana nilipokatika," alisema, "sheikh alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Mbele ya kaka?"

"Mbele ya watu wote."

"Ukamwambia nini?"

"Ulichosema. Mpe sheikh."

"Basi?"

"Basi."

Mtu alimwita huko melini, kwa lugha nisiyoijua. Hakugeuka. Alinitazama, na Faraji akaendelea kuvuta mafuta taratibu, picha isikatike.

"Wewe, Mdoe? Na hukuongeza kitu?" Hussein alisema.